Mtambo wa Chapa na Mwalimu: Funzo la Matengenezo ya Kanisa kwa Uongozi wa Shule Zetu

Utangulizi

Miaka michache iliyopita tuliitembelea shule moja ya sekondari ya Kanisa, ambayo jina lake tunalihifadhi. Tulifika kuhubiri katika ibada ya kuwaaga wanafunzi wa kidato cha nne, na baada ya ibada tukaomba kuonyeshwa chumba cha kompyuta. Tulikuwa na sababu ya kuomba hivyo. Tulipokuwa katika bodi ya shule hiyo, sisi wenyewe tulitia sahihi hati ya kupokea kompyuta kumi na mbili zilizotolewa na usharika rafiki wa ng'ambo. Mwalimu wa zamu aliinamisha kichwa akasema, "Baba Mchungaji, ufunguo anao mkuu wa shule, naye amesafiri." Tukachungulia dirishani. Kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe vilivyotariziwa, kama meza ya Bwana siku isiyo na Chakula cha Bwana, na vumbi lilikuwa limetanda juu yake.

Siku ile tulikuwa wepesi kumlaumu mkuu wa shule. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo tulipojiuliza: katika kikao kile cha bodi, tulipokuwa tukishukuru na kupiga makofi, ni nani kati yetu aliyeuliza habari ya mwalimu atakayefundisha kwa vyombo vile? Hakuna aliyeuliza. Mkuu wa shule alipewa mali ya kulinda, naye akailinda. Hakupewa kazi ya kufundisha kwayo.

Makala haya yanatokana na swali hilo. Kusudi letu ni kulitazama kwa njia ya historia, kwa kuwa Kanisa la Kilutheri lilizaliwa katika kizazi kilichopokea chombo kipya chenye nguvu kubwa, nacho ni mtambo wa kupiga chapa. Watu husema kwamba Matengenezo ya Kanisa yalifanikiwa kwa sababu ya mtambo huo. Usemi huo una ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika historia ya shule kati ya miaka 1524 na 1530, na hiyo ndiyo tunayotaka kuwakumbusha wachungaji wenzetu na wanafunzi wa theolojia.

1. Vitabu vingi, shule tupu

Ufundi wa kupiga chapa kwa herufi za madini zinazohamishika ulianzishwa Ulaya na Johannes Gutenberg katika mji wa Mainz, katikati ya karne ya 15. Martin Luther alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, ufundi huo ulikuwa umekwisha kutimiza zaidi ya miaka 60. Haukuwa mgeni tena, ila ulikuwa haujapata ujumbe wa kuufikisha kwa mtu wa kawaida katika lugha yake. Luther aliupatia ujumbe huo. Mnamo Septemba 1522 Agano Jipya katika Kijerumani lilitoka mjini Wittenberg, na kabla mwaka haujaisha, mwezi Desemba, ilibidi lipigwe chapa tena. Vijitabu vyepesi vya kurasa chache vilienea masokoni kuliko wakati wowote uliotangulia.

Kwa kufikiri kwetu tungetazamia kwamba katika miaka hiyohiyo shule zilijaa. Mambo yalikuwa kinyume. Shule nyingi zilikuwa zimeshikamana na nyumba za watawa na makanisa makuu, na riziki ya walimu wake ilitokana na misa za wafu na sadaka za namna hiyo. Mafundisho mapya yalipozikomesha sadaka hizo, shule nazo zilianza kufa. Vyuo vikuu vilipungukiwa na wanafunzi. Chuo cha Erfurt, alichosoma Luther mwenyewe, kilididimia vibaya. Wazazi walisema kwamba ikiwa mtoto hatakuwa padri wala mtawa, hakuna haja ya kumsomesha, afadhali ajifunze biashara. Wengine walichukua maneno ya Luther mwenyewe na kuyapotosha, wakadai kwamba kwa kuwa Roho hufundisha watu wote na Maandiko yamo katika lugha ya mama, elimu ya shule haina kazi tena.

Basi hapa pana jambo la kutafakari. Kitabu kilipokuwa rahisi kupatikana kuliko wakati wote uliotangulia, shule zilikuwa zinafungwa. Chombo kilienea, lakini hakikuleta shule pamoja nacho. Tunaomba msomaji ashike jambo hili, kwa maana ndilo msingi wa yote yatakayofuata.

2. Barua ya mwaka 1524

Mwanzoni mwa mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani, akiwasihi waanzishe na kutunza shule za Kikristo. Inafaa kuangalia alimwandikia nani. Hakuwaandikia wapiga chapa akiwataka waongeze vitabu, wala hakuwaachia wazazi peke yao. Alisema waziwazi kwamba wazazi wengine hawana nia, wengine hawana uwezo wa kufundisha, na wenye nia na uwezo hawana nafasi kwa sababu ya kazi za nyumba. Kwa hiyo wajibu huo unawaangukia wale waliokabidhiwa mji.

Hoja yake ya fedha ni nyepesi kueleweka hata leo. Aliwakumbusha madiwani kwamba kila mwaka wanatumia fedha nyingi kwa silaha, barabara, madaraja na mabwawa ili mji ukae salama. Iweje wasione vema kutoa sehemu ya fedha hizo kumtunza mwalimu mmoja au wawili? Tena aliwaambia kwamba watu waliokuwa wakitoa mali nyingi kwa vyeti vya msamaha na misa sasa wamepumzishwa mzigo huo, basi na watoe sehemu yake kwa ajili ya shule. Kwake yeye, hazina ya mji haimo katika kuta wala ghala, bali katika raia waliofundishwa vema. Naye hakuwasahau watoto wa kike: alitaka nao wawe na muda wao wa kwenda shule kila siku, kisha warudi kwa kazi za nyumbani kama ndugu zao wa kiume.

Mwisho wa barua hiyo alizungumza juu ya maktaba. Tungedhani kwamba mtu aliyefaidika na vitabu kuliko watu wote wa kizazi chake angesema vikusanywe vyote. Sivyo alivyosema. Aliagiza vichaguliwe: Biblia katika lugha zake za asili na katika tafsiri, wafafanuzi walio bora, vitabu vya lugha na sanaa, sheria na uganga, na hasa vitabu vya historia. Vilivyosalia alivihesabu kuwa takataka za kuijaza nyumba. Huyu ni kiongozi anayefahamu kwamba wingi wa maandishi si elimu, na kwamba kuchagua ni sehemu ya kufundisha.

Miji kadhaa iliitikia. Magdeburg ilifungua shule mwaka huohuo wa 1524, Eisleben mwaka 1525, na Nürnberg mwaka 1526. Shule ya Nürnberg ilizinduliwa na Philipp Melanchthon mwenyewe. Madiwani walimtaka awe mkuu wake, lakini alikataa, akapendekeza wengine, na uongozi ukamwangukia rafiki yake Joachim Camerarius. Mji huo ulikuwa tajiri, wenye wapiga chapa hodari na walimu mashuhuri. Hata hivyo shule hiyo haikupata wanafunzi kama ilivyotazamiwa, kwa kuwa wafanyabiashara wa mji hawakuona faida ya Kilatini na Kiyunani kwa watoto wao, na mwaka 1535 Camerarius aliondoka kwenda Tübingen. Twajifunza kwamba hata kiongozi bora hawezi kazi peke yake, ikiwa jamii inayomzunguka haijafundishwa kwa nini shule ipo.

3. Ukaguzi wa sharika na Katekisimo

Kuanzia mwaka 1527 mtawala wa Saksonia alituma wakaguzi waende usharika kwa usharika. Mwongozo wao, ulioandikwa na Melanchthon na kutanguliwa na dibaji ya Luther, ulipigwa chapa mwaka 1528. Sehemu yake ya mwisho ni mpango wa shule. Watoto wagawanywe katika makundi matatu: wanaojifunza kusoma, wanaojifunza sarufi, na walioendelea. Siku moja katika juma itengwe kwa mafundisho ya Kikristo.

Katika mpango huo yamo maagizo mawili yanayostahili kusomwa na kila mkuu wa shule. La kwanza, walimu wasiwachoshe watoto kwa lugha nyingi kwa wakati mmoja. La pili, wasiwalemeze kwa vitabu vingi. Melanchthon aliona kwamba walimu wengine hufanya hivyo kwa kutafuta sifa zao wenyewe, wala si kwa faida ya watoto. Kumbe tatizo la mwalimu anayependa kuonekana ana vyombo vipya halikuanza jana.

Luther naye alishiriki ukaguzi huo kuanzia mwishoni mwa mwaka 1528, na aliyoyaona yalimhuzunisha. Alikuta vijijini watu wasiojua Sala ya Bwana, wala Imani, wala Amri Kumi. Akakuta na wachungaji wasioweza kuwafundisha. Tukumbuke kwamba hii ilikuwa zaidi ya miaka sita baada ya Agano Jipya kutoka katika Kijerumani. Kitabu kilikuwapo, kijiji hakikufikiwa.

Jibu lake lilitumia mtambo uleule, lakini kwa namna nyingine. Mnamo Januari 1529 sehemu za kwanza za Katekisimo Ndogo zilitoka kama karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, na mwezi Mei zikatoka zikiwa kitabu. Katika dibaji yake aliwaagiza wachungaji wachague namna moja ya maneno, waishike mwaka hadi mwaka bila kubadilibadili, kwa maana vijana na watu wasiosoma huchanganyikiwa maneno yakigeuzwa kila mara. Maneno yakishashikwa, ndipo waelezwe maana yake. Na maana ikishaeleweka, ndipo wapewe mafundisho mapana zaidi. Hapa chombo kimewekwa mahali pake. Karatasi ya ukutani haikumwondoa mchungaji wala baba wa nyumba. Ilimpa kitu cha kufundishia, ikamwonyesha na utaratibu wa kukitumia.

Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, aliupeleka utaratibu wa namna hii katika miji mingine. Taratibu za kanisa alizotunga kwa ajili ya Braunschweig mwaka 1528 na Hamburg mwaka 1529 ziliingiza shule, za wavulana na za wasichana, pamoja na mishahara ya walimu. Naye Luther, katika mahubiri yake ya mwaka 1530 juu ya kuwaweka watoto shuleni, alikiri kwamba kama angelazimika kuiacha kazi ya kuhubiri, hakuna kazi ambayo angeipenda kuliko ualimu.

Hata hivyo tusiipambe historia hii. Mwanahistoria Gerald Strauss, katika kitabu alichokitoa mwaka 1978, alizichunguza taarifa za wakaguzi wa karne ya 16 akaonyesha kwamba vizazi viwili baadaye bado wakaguzi walilalamika juu ya ujinga wa watu. Wanahistoria wengine wamempinga, wakisema kwamba mkaguzi hutumwa kutafuta makosa, kwa hiyo taarifa zake huegemea upande huo. Sisi tunaona kwamba mabishano yenyewe yana funzo. Tunajua kasoro za shule hizo kwa sababu palikuwa na watu waliotumwa kwenda kuziona. Uongozi usiokagua hauna hata habari ya kushindwa kwake.

4. Katika nchi yetu

Tukirudi nyumbani twaikuta habari hiyohiyo. Shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa na mtambo wake wa chapa, na wanafunzi walifundishwa kazi hiyo. Humo ndimo lilimopigwa chapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, mpaka vita ilipolikomesha mwaka 1916. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, lenye makusudi yake. Lakini walimu Waafrika waliosoma katika shule hizo waliandika humo, wakajizoeza kusema na wenzao wa mbali kwa lugha moja. Chombo kilichoingizwa kwa faida ya mtawala kilipata kazi nyingine mikononi mwa walimu.

Huku Kilimanjaro, wamishonari wa Leipzig walifika mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, Wajerumani hao walifukuzwa nchini, na wa kwanza wao hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika muda huo waliobaki wakiongoza ibada na shule walikuwa hasa walimu na wainjilisti Waafrika, wengi wao wakiwa na mshahara mdogo au bila mshahara kabisa. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache. Kama uhai wa shule ungekuwa katika vyombo, sharika hizo zingekufa. Hazikufa, kwa sababu mwalimu alibaki.

Baadaye ilikuja redio. Tangu Februari 1963 Kituo cha Sauti ya Injili cha Addis Ababa, kilichosimamiwa na Fungamano la Kilutheri la Dunia, kilirusha matangazo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Mnamo Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo hicho kwa siku moja tu. Mtambo mkubwa ulipotea. Watu waliofundwa kuandaa vipindi hawakupotea, na kazi ya Moshi iliendelea.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa serikali yetu. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Watu hukumbuka redio na nyimbo zake. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya matangazo viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kupewa mafunzo. Redio ilisema kwa sauti moja, lakini katika kila kikundi palikuwa na mtu aliyekaa na wenzake, akiuliza, "Je, sisi hapa kijijini tufanye nini?"

5. Wajibu wetu leo

Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za Kanisa ziliingizwa mikononi mwa serikali. Tangu miaka ya 1980 Kanisa letu limefungua tena shule za sekondari kwa wingi, na mwaka 1992 makanisa na serikali walitiliana sahihi Hati ya Makubaliano kuhusu huduma za jamii. Kwa hiyo sisi wachungaji tunaokaa katika bodi tumeketi katika viti vya wale madiwani wa mwaka 1524. Barua ile imeandikwa kwetu.

Vyombo navyo vimeongezeka. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, masomo yalitolewa kwa redio na runinga, na kila mzazi aliona jinsi mtoto asivyoweza kusoma kwa chombo tu bila mtu wa kumwuliza. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu. Sasa kuna akili mnemba, inayoweza kumwandikia mwanafunzi insha nzima kabla kengele haijalia. Wako wanaoogopa mambo haya, na wako wanaoyashangilia. Historia tuliyoipitia haituruhusu kuogopa wala kushangilia tu, bali inatutaka tuulize maswali matatu kila chombo kinapoletwa mlangoni.

Swali la kwanza ni la Luther: ni nani atakayefundisha kwacho, naye ametengewa riziki gani na mafunzo gani? La pili ni la Melanchthon: katika mengi yanayowezekana, ni machache yapi tutakayoyachagua, ili mtoto asilemewe kwa ajili ya sifa zetu? La tatu ni la wakaguzi wa Saksonia: ni nani atakayekwenda kuona, na lini? Shule isiyo na majibu kwa maswali haya haijawa tayari kupokea zawadi, hata kama zawadi ni njema na mtoaji ana upendo.

Hitimisho

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 tunasoma habari za towashi wa Kushi aliyekuwa akirudi kutoka Yerusalemu. Alikuwa na chuo cha nabii mkononi mwake, kitu cha thamani kubwa ambacho wachache waliweza kukimiliki. Alikuwa na gari, na alijua kusoma. Hata hivyo, Filipo alipomwuliza kama anaelewa, alikiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Ndipo akamkaribisha Filipo apande, akae pamoja naye. Uongozi wa shule, kwa maana yake ya Kikristo, ndio huo: kupanda garini na kukaa pamoja na msomaji.

Tuliporudi katika kikao cha bodi iliyofuata tulisimama tukakiri kosa letu, kwa kuwa sahihi katika ile hati ilikuwa yetu pia. Mkuu wa shule hakuwa na la kujitetea, wala hakupaswa kujitetea. Bodi ilikubali kumpeleka mwalimu mmoja masomoni, na kumtaka mjumbe mmoja aitembelee shule kila muhula. Kompyuta zilipofunguliwa, tatu kati ya zile kumi na mbili hazikuwaka tena. Zilizobaki zinatumika, na ufunguo sasa uko kwa mwalimu anayefundisha.